Sindano Isiyowasha

Mambo yaliharibika Jumatatu, Nane Nane ya 1994, wakubwa wa hospitali wakiwa uwanjani kwenye sherehe.

Nesi alimchoma mke wangu sindano ya maumivu. Filomena akautazama mkono wake, tone likiteremka mpaka kiwikoni.

"Baba Severin, ya leo haiwashi."

"Dawa ni ileile, mama," nesi akasema, macho dirishani.

"Mwanangu, saratani iko tumboni, siyo kichwani. Hayo ni maji." Akanishika kidole. "Tuagane sasa hivi, mume wangu. Maumivu yakianza nitapiga kelele tu."

Tukaagana. Kelele zilikoma jioni, naye akakoma.

Ng'ambo ya barabara, duka la dawa la mganga mkuu wa hospitali halikosi dawa tangu watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara.

Basi, dawa ile ya Filomena alichomwa nani?