Kosa la Tatu

Mwanamvita aliisoma barua yake mara ya mwisho, akafuta neno moja lililokuwa kali, akaweka "tafadhali" mahali pake, kisha akaituma. Alitaka iwe na adabu kupita kiasi. Adabu ndicho kitu Nyati asichoweza kukivumilia.

Nje ya kafe yake ya intaneti malori yalikuwa yamesimama foleni kuelekea Zambia, madereva wakila mihogo kwenye kivuli cha matela. Ndani, wateja wawili walikuwa wakitafuta matokeo ya kidato cha nne. Yeye alikaa kwenye kompyuta ya kona, akingoja.

Kundi lao liliandika programu huria, ya bure kwa yeyote, iliyozisaidia zahanati za Msangano, Chitete hadi Ibaba kujua dawa gani inakaribia kwisha. Wanachama walikuwa wametawanyika kila mahali, wakijadiliana kwa barua pepe na kuitana kwa majina ya kubuni. Yeye alikuwa Tausi. Nyati alikuwa fundi mkuu. Moyo wa programu aliuandika Nyati huyo.

Mwaka 2011, Mwanamvita alipotuma kazi yake ya kwanza, aliyojifunza peke yake kwa miezi mingi, Nyati alimjibu mbele ya wote: "Hii kaandika mwanamke. Tena mwanamke ambaye hata mumewe kamchoka."

Watu walicheka. Hakuna aliyemkemea. Mwanamvita alifunga kafe mapema, akaenda nyumbani, akalia juu ya beseni la nguo. Amri, mumewe, aliyefanya kazi kwa wakala wa forodha, alimkuta macho mekundu.

"Nani kakuudhi, mama Raudha?"

"Sabuni imeniingia."

Amri akamletea maji safi ya kunawa. Ndivyo alivyokuwa, mpole. Majirani walimtolea mfano.

Baada ya hapo Mwanamvita alimchunguza Nyati kwa wiki nyingi: wakati anaopenda kuandika, maneno asiyoweza kuyaacha, herufi anazozikosea. Alipomaliza kumchunguza, hakulia tena. Akaanza kazi.

Aliwaandikia wenzake kwamba kundi kubwa kama lile halina budi kuwa na kanuni za mwenendo. Alibembeleza, akajibu kila pingamizi. Mwishowe kanuni zikapita: asitukanwe mtu kwa jinsia yake, kabila lake wala dini yake. Kosa la kwanza onyo, la pili kusimamishwa, la tatu kufukuzwa moja kwa moja. Nyati mwenyewe alizipigia kura ya ndiyo. Hakudhani zinamhusu.

Tausi akaanza kumtegea. Alituma kazi zenye dosari ndogo ndogo, za kumkera mtu hodari. Nyati akatukana, akaonywa. Akatukana tena, akasimamishwa mwezi mzima. Mwezi huo hata nyumbani kwa Mwanamvita hapakukalika. Amri aligombana na kila kitu, foleni ya malori, wateja wa Zambia, chumvi kwenye mboga.

Na sasa mtego wa mwisho. Barua ya leo ilibeba marekebisho ya kosa alilolifanya Nyati mwenyewe, pamoja na shukrani tele.

Jibu lilifika kabla wale wateja hawajaondoka. Lilikuwa refu, chafu, na lilimtukana Tausi hadi mama yake mzazi. Mwanamvita alilisoma lote, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu. Akalipeleka kwa kamati ya nidhamu.

Kesho yake Sadoki, mwenyekiti wa kamati, alimpigia simu kutoka Mbeya.

"Dada Tausi, tumelisoma. Ni aibu tupu. Lakini nakuomba kitu. Akitaka radhi hadharani, hutaridhika?"

"Kanuni zinasemaje?"

"Unazijua, si ndiwe uliyeziandika?" Sadoki akashusha pumzi. "Yule mtu hii kazi ndiyo maisha yake, dada. Tukimfukuza tutamvunja."

"Najua."

"Huna huruma hata kidogo?"

"Nilikuwa nayo siku ile mliponicheka."

Barua ya kumfukuza Nyati ilitoka alasiri. Aliyoyaandika yangeendelea kutumika, lakini yeye asingeruhusiwa tena kugusa hata mstari mmoja. Mwanamvita aliisoma akiwa amesimama. Akafunga kafe, akapitia buchani, akachagua nyama nzuri, akaenda kupika pilau.

Amri alirudi jua likizama. Hakusalimia. Alikaa mbele ya sahani yake, asiiguse.

"Vipi, baba Raudha?"

"Kuna watu nimefanya nao kazi miaka mingi. Sikuwahi kukwambia, mambo ya kompyuta tu. Wamenifukuza leo kama mbwa. Kisa mtu mmoja ambaye hata sura yake siijui."

Mwanamvita akamwongezea nyama.

"Unaijua," akasema. "Kula, pilau inapoa."