Mistari Arobaini ya Mkuu

Kwa mara ya tisa asubuhi hiyo, kompyuta mpya ya hospitali iliikataa programu ya dawa: kitendakazi cha kukadiria, kile kipande cha programu kinachopiga hesabu ya dozi, hakipo.

"Hakipo?" Mkuu wa kitengo alicheka kwa pua. "Kimo kazini miaka kumi na miwili."

Alikiandika mwenyewe. Mistari yake arobaini, inayokadiria dozi ya kila mgonjwa, ilitundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, chini ya taa yake peke yake. Wafanyakazi wapya walioneshwa fremu hiyo kabla ya kuoneshwa choo.

Mhandisi mgeni, aliyebakiza siku moja ya majaribio, alikuwa ameviona vyote viwili. Sharti lake lilikuwa moja: programu ijengwe kutoka mafaili yake kwenye kompyuta mpya kabla ya saa sita, au arudi kwao. Karani wa ajira alikwisha kuleta barua ya kufukuza. Ilikosa jina tu.

"Mkuu, faili lenye mistari yako halimo kwenye orodha ya mafaili ya kujengea programu."

"Kwa hiyo umelisahau."

"Orodha nimeinakili vilevile kutoka kompyuta ya zamani."

"Binti, ile ya zamani hujenga kila Jumatatu, wala haijawahi kukohoa. Asiyejua kucheza huulaumu uwanja." Akamgeukia karani. "Aliyeliacha faili langu nje ya orodha, jaza jina lake. Sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma," karani alimalizia, kwani methali haipendezi ikiachwa nusu.

Mhandisi akaifungua orodha ya zamani. Faili halikuwamo. Chini kabisa palikuwa na tarehe ya miaka kumi na miwili iliyopita na jina la mwandishi wa orodha, likifuatwa na vyeo vyake vitatu.

Karani alilisoma jina, akaitazama fremu yenye jina lilelile, akafungua kalamu.

"Sasa kompyuta ya zamani ilikuwa ikikadiria kwa kutumia nini?" aliuliza huku akiandika.

"Ilitoka kiwandani na kitendakazi chake, chenye jina hilohilo," mhandisi alijibu. "Hizi mpya hazinacho."

"Liingize langu," Mkuu alisema, "muone kazi."

Mhandisi akaliingiza. Kompyuta mpya ilikubali papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu iandikwe, mistari arobaini ya Mkuu ikampimia dawa mgonjwa wa majaribio: mtoto, kilo kumi, vidonge mia mbili kwa siku.