Wembe Kwenye Koo la Mkwe

Kinyozi alikuwa ameshafikisha wembe kwenye koo la baba mkwe wake alipoona mkono wake mwenyewe unatetemeka. Mtoto wake mchanga alikuwa amemkeshesha tena nyumbani, na tangu asubuhi alikuwa amemaliza makopo matatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu.

Akauweka wembe chini. "Baba, nisamehe. Nimechoka, siwezi."

Alingoja kukaripiwa. Mzee akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali umesema, mwanangu. Mie nilishaanza kutubu! Hebu kunywa maji, ulale kidogo."

Kinyozi akanywa bilauri mbili, akajinyoosha kwenye benchi, usingizi ukambeba.

Mteja alipochungulia mlangoni, mzee, povu bado limemjaa kidevuni, akaweka kidole mdomoni.

"Ingia polepole," akanong'ona. "Zamu yako inafuata yangu, na yangu ni mpaka aamke."