Mdomo wa Suriyan

"Msiguse mdomo wa baba yangu," Phikun alisema, hata kiti hajapewa.

Wenyeji wake wawili wakatazamana. Pale studio, Bangkok, walikuwa wakiisafisha filamu ya mwaka 1969 iuzwe kwenye diski za kutazamia nyumbani, na asubuhi yote walikuwa wakigombana juu ya huo mdomo wenyewe. Thawat, bosi, alitaka kompyuta iurekebishe. Orawan, fundi aliyemfanyia kazi miaka kumi na tatu, alikuwa amegoma katakata.

Filamu zetu za enzi zile zilipigwa bila sauti. Zikifika mjini, mtu mmoja alisimama ndani ya sinema na kipaza sauti, akasema maneno ya wote, shujaa, bibi harusi, mpaka mbwa, na kila mji ulikuwa na mtu wake na maneno yake. Midomo ilicheza ovyo na wala hakuna aliyejali. Sasa waigizaji wapya walikuwa wamerekodi maneno ya kwenye mswada, na midomo ya marehemu haikuyafuata hata kidogo. Mnunuzi akiona mdomo unakwenda huku na sauti kule, Thawat alisema, atarudisha diski na matusi juu. Orawan akamjibu kwamba mikwaruzo atafuta, vumbi atafuta, lakini uso wa mtu hagusi, labda wamfukuze kazi.

Hapo ndipo alipoingia Phikun, mama wa miaka hamsini na kitu, masikio yameanza kumwacha, mkononi kabeba bakuli la ndizi zilizopikwa kwa tui. Akaeleza pole pole. Suriyan, shujaa wa filamu ile, alikufa kwa ajali ya pikipiki miezi miwili kabla yeye hajazaliwa. Sauti yake haikuwahi kurekodiwa popote. Filamu zake nyingine zimeoza zote. Imebaki hii moja.

"Pale stesheni anapoagana na mchumba wake," akasema, "hasemi ya kwenye mswada. Aliyeigiza mchumba huyo ni mama yangu, alikuwa na mimba yangu changa. Mama alinihadithia kabla hajafa. Baba alikuwa anamwambia, akiwa wa kike, tumwite Phikun."

Thawat akainamisha kichwa. Hata yeye ana binti. Akakubali sekunde kumi na mbili za stesheni ziachwe kama zilivyo, na anayetaka kurudisha diski airudishe.

Akiwa anavaa viatu mlangoni, Phikun aliwaambia kwamba tangu Machi anasoma darasa la kufuata maneno kwa kutazama midomo, maana daktari amemwambia masikio hayatarudi.

Maneno hayo yalibaki na Orawan. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, na yeye alijua kusoma midomo kabla hajajua herufi. Kesho yake akaikuza picha ya Suriyan ya pale stesheni ikajaa kioo kizima, akaitazama mara moja tu, na mara moja ilitosha.

Moja, mbili, tatu, nne. Suriyan alikuwa anahesabu. Alifika tisa, akameza mate, akaanza upya. Machozi yanamtoka na mdomo unahesabu, kama walivyofanya waigizaji wengi wa wakati ule, kwa kuwa maneno yangetiwa na mtu mwingine.

Siku ile Orawan hakula. Akilini alimwona Phikun sebuleni kwake, diski imeanza kuzunguka, sasa anajua kusoma midomo, anasubiri kuitwa jina na baba yake, halafu anapewa hesabu za chekechea. Akamwendea Thawat, akamweleza yote.

"Si ulisema uso wa mtu hauguswi?" Thawat akamcheka. "Basi usiuguse."

Akaugusa. Wiki tatu alijifungia na ule mdomo, akiufinyanga nukta kwa nukta, machozi ya Suriyan akayaacha yalivyo, na ya kwake yakamtoka zaidi ya mara moja. Akiwa wa kike, tumwite Phikun. Akamwonyesha mwalimu mstaafu wa shule ya viziwi bila kumdokeza chochote, na mwalimu akalisoma jina bila kusita. Mkanda wenyewe ulikuwa umeshaoza ukatupwa. Ilibaki nakala ya awali kwenye kompyuta, na ili asije mtu siku moja akamuumbua mama wa watu, Orawan akaifuta kwa mkono wake. Aliona vibaya kufanya hivyo, lakini alifanya.

Diski zikatoka Novemba. Siku ya nne Phikun akaja, safari hii bila bakuli. Orawan akasimama, akaunganisha viganja kumwamkia, tabasamu limemjaa.

"Nani kamgusa baba?"

Orawan akajaribu kusema kwamba hakuna aliyemgusa. Alisema taratibu, ili midomo yake isomeke, na Phikun akaitazama mpaka ikaishiwa maneno.

"Anasema kile kile mama yako alichokuhadithia, dada," akamalizia kwa sauti ndogo.

"Mama hakunihadithia kitu, mdogo wangu. Baba alikuwa anahesabu. Kila filamu hii ilipoonyeshwa uwanjani hekaluni, nilikaa mbele kabisa, nikahesabu naye, moja mpaka tisa. Toka nina miaka sita. Sijawahi kufanya jambo lingine lolote na baba yangu."

Orawan alishika ukingo wa meza. "Sasa kwa nini ulituambia habari ya jina?"

"Ningewaambia anahesabu tu," Phikun akasema, "mngemwacha?"