Sarafu Juu ya Kaboni

Akonkwa aligonga bomba la juu la fremu ya baiskeli ya kaboni kwa sarafu, akasikiliza, akasogea upana wa kidole, akagonga tena. Sarafu ilikuwa ya Rwanda. Upande huu wa mpaka watu hawatumii sarafu. Kaboni nzima hujibu kwa sauti kavu na fupi, ile ile kila mahali. Penye ufa sauti huzama, kama mtu amegonga kadibodi.

Fremu ililazwa juu ya meza ya kulia, katika nyumba ya Chrispin huko Ibanda. Chrispin mwenyewe alikuwa amekwisha zikwa. Alianguka na baiskeli hii kwenye mteremko wa barabara ya Walungu, asubuhi, lami ikiwa kavu, bila gari wala mtu mbele yake.

"Ile mara ya kwanza ulipoigonga, ilisema nini?" aliuliza Honoré, kaka mkubwa wa marehemu.

"Ilisema iko muzima, papa."

"Ni yenyewe ilisema, ama ni wewe njo ulisema?"

Akonkwa alirudisha sarafu juu ya bomba. Fremu ilitoka Ulaya ikiwa imetumika, na Chrispin hakukubali kuinunua mpaka rafiki yake, anayefundisha uimara wa vifaa katika chuo cha ufundi, aipime kwanza. Akonkwa aliipima, akamwambia, "Panda." Siku ya mazishi wenzao wa klabu ya baiskeli walimpita bila kumpa mkono.

"Prof, famille inangoja pale nje," Honoré alisema, kidole chake juu ya fremu. "Kama cadre ilikuwa na ufa, tutajua ni mukono ya nani. Kama iko muzima, basi kinga, hii baiskeli yake, haikuangusha mutu yenyewe. Tutauliza mu nyumba."

Georgette, mjane, alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Hakuinua macho. Alijua, na Akonkwa alijua, maana ya kuuliza mu nyumba. Katika familia ile swali la namna hiyo lilikuwa na jibu moja, nalo ni kwamba mke ndiye aliyemuua. Watoto wangepelekwa kwa babu yao Walungu. Nyumba ingebaki kwa ndugu wa mume, na yeye angerudi kwao na sanduku lake.

"Endelea na kazi yako, Papa Akonkwa," alisema polepole. "Usituangalie sisi."

Aliendelea. Aligonga bomba la chini, maungio ya pedali, kichwa cha fremu, miguu yote miwili ya uma unaoshika gurudumu la mbele. Kisha alipangusa kila sehemu kwa kitambaa chenye spiriti. Penye ufa spiriti huchelewa kukauka na kuacha mstari mwembamba. Ilikauka yote kwa pamoja, na hakuna mstari uliobaki.

Fremu ilikuwa nzima. Mara ya kwanza alikuwa amepima sawasawa. Akahisi mabega yake yakishuka, na papo hapo akaona aibu, kwa kuwa alikuwa amefurahi mbele ya mjane.

"Gurudumu ya mbele iko wapi?" aliuliza.

"Si cadre tu njo banataka?" Georgette alijibu. Nyuma yake kitu cha mviringo kiliegemea ukuta, kimefunikwa kitenge. "Ile asubuhi nilimusafishia kinga. Ilikuwa na matope mingi, nikatoa hata magurudumu, nikarudisha. Akacheka, akasema sasa nyumba iko na mécanicien." Alijipangusa pua kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Niwaletee chai."

Akaingia jikoni. Huko nje mtu alimwita Honoré, naye akatoka kibarazani.

Akonkwa aliinua kitenge. Polisi walikuwa wameandika kwamba gurudumu lilikutwa mtaroni, mbali na baiskeli, nao walilileta kama walivyolikuta. Mkono mdogo wa chuma unaobana ekseli kwenye uma haukuvunjika. Haukupinda. Ulikuwa wazi. Gurudumu lililofungwa halichomoki, hili halikufungwa.

Ushahidi ulikuwa kamili, nao ulimwondolea Akonkwa kila lawama. Alibaki ameshika kitenge, akisikia vikombe vikipangwa jikoni. Kisha akakishusha palepale kilipokuwa.

Ndani ya mfuko wake wa kazi mlikuwa na nyundo. Aliifunga kwa taulo, akapiga mara moja, chini kidogo ya kichwa cha fremu. Nyumba ilikuwa imezoea kugonga kwake tangu asubuhi; hakuna aliyeuliza. Akapitisha sarafu. Sauti ilizama.

"Papa Honoré, kuja usikilize."

Honoré aliingia. Georgette alitokea na sinia ya chai. Akonkwa aligonga pembeni: sauti kavu. Akagonga tena: kavu. Akagonga chini ya kichwa, na hata sikio lisilojua lolote juu ya baiskeli lilielewa.

"Ufa iko hapa," alisema. "Ilikuwa hapa tangu mwanzo. Ni mimi njo sikuisikia."

Honoré alimtazama toka viatu hadi uso. "Na université yote ile," alisema, bila kupaza sauti. "Chrispin alikuwa anakuita ndugu." Akageuka, akatoka kuwapa wenzake jibu.

Georgette aliweka sinia mezani. Hakuitazama fremu. Alirudi kwenye ukuta, akainama, akaingiza mkono chini ya kitenge.

"Mungu akusamehe, Papa Akonkwa," alisema kwa sauti ya kutosha kufika kibarazani.

Chini ya kitenge ule mkono mdogo wa chuma uligonga chuma, mara moja, kwa sauti kavu na fupi ya kitu kilichofungwa sawasawa.