Pigo Moja Moja

"Moja moja tu, Mzee," msichana fundi wa mitambo alisema kupitia spika. "Usiunganishe."

Zacchaeus akapiga ngoma pigo moja, akangoja sauti iishe, akapiga jingine. Asubuhi nzima walikuwa hivyo, katika studio iliyo nyuma ya soko la Kibuye. Ameshapigia bendi za roki mpaka masikio yakaziba, ameshapigia filamu za vita na za harusi, lakini hajawahi kuitwa asipige wimbo.

Plasta ya kidole ilikuwa imelegea. Akaikaza kwa meno.

"Sasa sikia," fundi akasema, akabonyeza kinanda.

Mdundo ukajaa chumbani. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, hata mkwaruzo wa plasta ulikuwemo. Mikono yenyewe ilikuwa imelala mapajani.

"Uko ndani ya kompyuta, Baba! Filamu ijayo hata hutasumbuka kuja."

"Na nikiwa mgonjwa?"

"Utapiga tu."

"Na nikifa?"

Msichana akacheka. "Utapiga tu, Mzee! Imebaki sauti ile ya kiganja kizima. Bila hiyo mdundo haukamiliki. Ukiimaliza, nenda ukapumzike."

Kupumzika. Miaka mingapi alitamani kuambiwa hivyo. Mabega yalimuuma, na taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa imewaka.

Akainua mkono. Kisha akaushusha polepole, akachukua spana chini ya kiti, akaanza kulegeza nati zinazokaza ngozi ya ngoma.

"Mzee, utapoteza sauti ya ngoma!"

"Najua, binti yangu," akasema, akahamia nati ya pili.