Jina la Tela

Memsahibu alirudi nyuma kidogo, akalitazama tela lake jipya la kulala safarini, akasoma kwa sauti jina alilokuwa amelichora ubavuni kwa rangi nyekundu: NAMUNYAK.

"Zuri, au siyo? Hata sikumbuki nimelisikia wapi."

Yaya akaganda, ndoo mkononi. Jina hilo bibi zake walimpa kule Handeni, akiwa mchanga, siku yeye na mama yake waliponyolewa nywele kwa desturi ya Kimasai ya kumpa mtoto jina. Alipoajiriwa hapa Korogwe, kwenye shamba la mkonge, alilitaja. Memsahibu alicheka, akasema linamshinda, akamwita Meri.

"Meri! Umelala? Namunyak ana matope magurudumuni. Mwoshe vizuri, kesho tunakwenda naye Tanga."

"Ndiyo, Memsahibu."

Akachovya tambara, akayapita magurudumu, akaanzia kwenye herufi. Rangi ilikuwa bado mbichi.